Nyasi Chini ya Kitanda cha Tisa

Kila asubuhi, saa mbili kamili, mkuu wa maabara alifungua kabati la joto, akazitoa sahani za kuoteshea vimelea zilizotimiza siku tatu, akazitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha, na zile ambazo hazikuwa na kitu akazitumbukiza katika ndoo nyekundu yenye mfuniko. Kisha alinawa mikono, akaketi, akaandika katika rejista kwa mwandiko wa kulala ambao walimu wake walimfundisha kwa bakora: *Hakuna vimelea vilivyoonekana.* Akatia sahihi. Kazi hiyo yote ilimchukua dakika kumi na mbili. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuichelewesha, na ndiyo sababu hospitali nzima, kuanzia madaktari hadi walinzi wa lango, ilimwita Mzee Saa Mbili.

Kanuni ya siku tatu aliitunga mwenyewe. Kabla yake, sahani zilikuwa zikirundikana kabatini hadi zikashika ukungu, na majibu yalifika wodini mgonjwa akiwa amekwisha kuruhusiwa au kuzikwa. Aliiandika kanuni hiyo kwenye karatasi ngumu, akaibandika ukutani, na tangu siku hiyo hakuna jibu lililochelewa. Wakaguzi walipokuja waliisoma wakiwa wamesimama, kama watu wasomao msahafu.

Alhamisi moja, sahani ya nne aliyoishika mkononi ilikuwa ya dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na minne na mdogo wake mitano. Akaacha shule ili mdogo wake asiache. Baadaye alianzisha kitalu cha miche ya miti, na kwa miaka arobaini hapakuwa na siku ambayo kucha zake hazikuwa na udongo. Mwaka uliopita maungio yalianza kumuuma, akaandikiwa vidonge vya kutuliza uvimbe, akavimeza miezi minane mfululizo. Vidonge vile hutuliza uvimbe, na pamoja na uvimbe hulaza kinga ya mwili. Kilifuata kikohozi, kikafuata kichwa kisichopoa, kisha mkono wa kushoto ukawa mzito kama si wake. Picha ya kichwa ilionyesha pete tatu ndani ya ubongo, kila moja na giza katikati. Jumatatu daktari wa upasuaji alitoboa fuvu tundu dogo, akavuta usaha kijiko kimoja, akaupeleka maabara.

Uamuzi ulikuwa mwepesi kueleza. Usaha ukionyesha vimelea, angetibiwa. Usipoonyesha, pete zile zingehesabiwa kuwa saratani, na angerudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Sahani haikuwa na kitu. Mzee Saa Mbili aliigeuza mara mbili kwenye mwanga, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Hapo mlango ukabishwa.

"Hodi humu."

"Karibu. Usiguse meza."

"Meza yako niiguse inidai nini, kaka?" Aliyeingia alikuwa mama msafishaji wa wodi ya pili, mwanamke mnene mwenye miaka thelathini katika kazi hiyo na ulimi usiojua cheo cha mtu. "Nimekuja kuazima mkasi."

"Mkasi wa nini?"

"Wa nyasi. Chini ya kitanda cha tisa zimenifika kifundoni, ufagio haupiti. Juzi nimezing'oa, jana nimezing'oa, leo zimerudi na hasira."

Kitanda cha tisa kilikuwa cha dada yake. Mzee Saa Mbili aliiweka sahani mezani, akavua koti jeupe, akalitundika, akafuatana naye.

Nyasi zilikuwa pale. Zilikuwa za kijani kibichi, nyembamba, zimeota kwa umbo kamili la kivuli cha kitanda na hazikuvuka hata kidole kimoja upande wa kitanda cha nane wala cha kumi. Alipiga goti, akang'oa shina moja. Mizizi ilikuwa mirefu, ya nyuzinyuzi, yenye matawi, na ilitoka katika saruji bila kuacha ufa. Pembe ile ya wodi ilinuka udongo uliopata mvua ya kwanza. Muuguzi aliyekuwa akipima homa aliziruka nyasi kwa hatua moja, kama mtu arukaye mfereji wa nyumbani kwao, akaendelea na kazi.

Dada yake alikuwa macho. Ugonjwa ulikuwa umeanza kumla maneno. Jina la kitu likimkimbia, alikizunguka kwa maelezo hadi akipate.

"Mdogo wangu," alisema, "waambie watu wako. Mimi nauza miti. Wamenipandia... hii ya kulisha mbuzi."

"Nyasi, Dada."

"Nyasi. Tena wamezibana mno. Hazipumui."

"Nitawaambia."

"Nawe umekonda. Mkeo hakupikii?"

"Ananipikia."

"Basi una roho mbaya. Chakula hakikai kwa mwenye roho mbaya." Akacheka, na upande mmoja tu wa mdomo ukacheka pamoja naye.

Walipofika mlangoni, Mzee Saa Mbili alimwuliza mama msafishaji nyasi zile zilianza lini.

"Za huyu, Jumapili. Za wale wengine tarehe sikumbuki."

"Wengine wepi?"

"Wote hao wa vichwa." Mama msafishaji aliegemea mpini wa ufagio na kuhesabu kwa kidole gumba. "Yule fundi mwashi wa kitanda cha nne, mwaka wa mafuriko. Mama wa mapacha, kumi na moja. Yule mwalimu mrefu aliyekuwa akisahihisha madaftari hewani, kitanda cha tisa hikihiki. Mlinzi wa ghala. Bibi wa kufinyanga vyungu. Na yule padri mstaafu aliyependa bustani. Sita. Nimewafyekea wote."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani tena? Niliandika barua tatu kuomba mundu. Nikajibiwa wodi si shamba. Nikanyamaza, nikang'oa kwa mkono. Angalia." Akamwonyesha kiganja, kilichokuwa na sugu za mkulima.

"Nao walikwendaje?"

"Walikwenda walikokwenda, kaka. Na nyasi zao zikakauka siku ileile."

Alirudi maabara kwa mwendo wake wa siku zote, usio wa haraka. Alipofungua mlango, naibu wake alikuwa amesimama mbele ya ndoo nyekundu, mfuniko uko wazi, sahani ya dada yake iko mkononi. Naibu huyo, mama wa watoto watatu, alikuwa mtu makini. Mzee Saa Mbili mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa miaka tisa.

"Ni saa mbili na dakika ishirini na tano, Mzee. Nikasema labda umeshikwa na jambo, nikusaidie."

"Irudishe kabatini."

Naibu aliitazama saa ya ukutani, kisha karatasi ngumu iliyokuwa chini ya saa, kisha mkuu wake.

"Nimesema irudishe."

Akairudisha. Kisha aliandika saa na dakika katika daftari lake dogo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Mzee Saa Mbili alishusha rejista zake zote kutoka juu ya kabati, akazipangusa vumbi. Aliwakuta wote. Fundi mwashi, mama wa mapacha, mwalimu, mlinzi, mfinyanzi, padri. Usaha wa ubongo, siku tatu, hakuna vimelea vilivyoonekana, sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri kila mahali. Pembeni mwa majina manne alikuwa ameongeza maneno matatu: *uchafu wa kioo*.

Alikumbuka uchafu huo. Alilitoa kasha la vioo vya Jumatatu vilivyopakwa usaha, akakiweka cha dada yake chini ya darubini, akakaa nacho muda ambao hakuwahi kukaa na kioo chochote. Kati ya seli za usaha kulikuwa na nyuzi nyembamba kupita kiasi, zimeshika rangi kwa vipande vipande kama shanga zilizotungwa kwa nafasi, nazo zilikuwa zimegawanyika matawi. Jumatatu alizipita. Kwa miaka ishirini na mitatu alizipita, akidhani ni nyuzi za kitambaa cha kufutia vioo. Sasa alichukua lile shina la nyasi mfukoni mwake, akalilaza kando ya darubini, akatazama hiki na kile kwa zamu. Ilikuwa mizizi ileile.

Alikwenda kumwona daktari wa wodi, mwanamke mkavu wa maneno, mwadilifu, aliyekuwa na wagonjwa arobaini na vitanda thelathini.

"Jibu la kitanda cha tisa, Mzee."

"Bado."

Daktari aliweka kalamu chini. "Leo ni Alhamisi."

"Najua. Kuna vimelea vya udongoni, vya nadra, ambavyo havina haraka. Mtu huvivuta pamoja na vumbi, hukaa mapafuni, na kinga ikilala hupanda kichwani. Sahani yake hutaka wiki, pengine wiki mbili au tatu. Naamini ndivyo alivyo navyo."

"Unaamini kwa sababu gani?"

"Nimeona nyuzi kwenye kioo. Na kuna nyasi chini ya kitanda."

"Nyasi nimeziona," alisema daktari. "Lakini sitamwandikia mtu dawa za mwaka mzima kwa ushahidi wa nyasi. Na kitanda kinangojewa. Ningekuwa na karatasi yenye sahihi yako, ningeanza sasa hivi."

"Sitii sahihi jambo nisilolithibitisha."

"Basi tunafanana." Akafikiri. "Nakupa hadi Jumatano. Asubuhi."

Siku zile dada yake alikwenda akipungua. Ijumaa alishikwa na kifafa mara mbili. Jumamosi alimwita mdogo wake kwa jina la baba yao. Jumapili hakumwita kwa jina lolote; alimtazama kwa adabu, kama mteja asiyemjua, akamwuliza kama amekuja kuchukua miche. Alimjibu kwamba ndiyo, amekuja kuchukua miche.

"Mingapi?"

"Ishirini."

"Chimba shimo mapema," alisema, "uliache wiki moja lipate hewa. Watu wana haraka. Mti hauna haraka."

Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Mama msafishaji alizipunguza kwa mkasi wa bandeji na kuzibeba katika ndoo mbili kila zamu.

Kila asubuhi saa mbili Mzee Saa Mbili alifungua kabati, akaitazama sahani, akairudisha. Hapakuwa na kitu siku ya nne, wala ya tano, wala ya sita. Naibu wake aliandika kila mara katika daftari dogo. Siku ya saba, juu ya ute wa sahani, palikuwa na vidoa vitatu ambavyo mtu asiye na haja navyo asingeviona. Siku ya tisa, ambayo ndiyo ilikuwa Jumatano, vidoa vilikuwa punje nyeupe, kavu, zimekunjamana na kushikilia ute kama vipande vya chokaa vilivyobanduka ukutani. Alifunua mfuniko kidogo. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumba. Naibu aliinua kichwa, akasema mvua inakuja, akaenda kufunga dirisha.

Palibaki jaribio moja. Vimelea vya kifua kikuu hushika rangi nyekundu na hata vikioshwa kwa tindikali kali havigeuki. Hivi vya udongoni vina msimamo wa wastani: tindikali kali huviosha vikapotea, ndiyo maana kipimo cha kifua kikuu hakikuvikamata, lakini tindikali ikipunguzwa nguvu hubaki na wekundu wao. Aliichanganya mwenyewe, matone kwa matone, akapaka, akaosha, akatazama. Nyuzi zilikuwa nyekundu, zimetanda matawi uwanja mzima.

Fomu ya majibu ilikuwa na visanduku viwili tu, vya ndiyo na hapana, navyo vilikuwa vya siku tatu. Aliigeuza fomu, akaandika nyuma yake kwa mwandiko wa kulala, akatia sahihi, akaipeleka kwa mkono wake.

Daktari alisoma mara moja. "Haya," akasema, akainuka. Dawa yenyewe ilikuwa ya salfa, vidonge vyeupe vikubwa ambavyo kila zahanati huwa navyo na ambavyo watu huvidharau kwa uzee wake. Dada alitakiwa avimeze kwa wingi kwa mwaka mzima, na kwa wiki sita za mwanzo achomwe na sindano. Daktari wa upasuaji alirudi akaivuta ile pete kubwa usaha wote. Vidonge vya maungio vikapunguzwa hatua kwa hatua hadi vikaisha.

Katika wiki ya pili nyasi zilianza kuwa njano pembezoni. Katika wiki ya tatu dada yake alikumbuka neno *kijiko*, siku iliyofuata *dirisha*, kisha majina ya majirani wote aliokuwa na ugomvi nao. Asubuhi moja alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, akasema, "Wewe ile miche ishirini hujalipa," na ndipo Mzee Saa Mbili alipojua kwamba dada yake amepona. Alipotoka hospitalini, chini ya kitanda cha tisa palikuwa na saruji tupu. Mama msafishaji alipiga deki mara moja tu, akasema afadhali.

Mzee Saa Mbili aliiandikia kamati ya hospitali barua ya kurasa mbili. Aliorodhesha wagonjwa sita, tarehe zao na sahihi zake. Aliomba sahani za usaha wa ubongo zikae wiki tatu, na rafu moja zaidi katika kabati la joto. Mwishoni alizitaja nyasi, na mama msafishaji aliyezing'oa kwa mkono miaka yote. Aliitwa. Alivaa suti yake ya kijivu, akasimama mbele ya meza ndefu, akasema asiyekubali kosa lake hulirudia, na kosa hili ni lake.

Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima kubwa.

"Mzee wetu," alisema, "hospitali hii inasifiwa kwa jambo moja, majibu ya siku tatu. Wengine wanakuja kujifunza kwetu. Leo tukabadilishe?"

"Wamekufa watu sita."

"Katika miaka ishirini na mitatu. Mungu awarehemu."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi."

"Ndiyo maana hatuwezi kuigusa," alisema mwenyekiti. "Uliiandika vizuri mno."

Kuhusu jambo la pili lililotajwa katika barua, kamati ilikuwa na moyo mwepesi zaidi. Ilikiri kwamba mama msafishaji alikuwa ameteseka bila sababu, ikapitisha ununuzi wa mundu mmoja na nafasi mpya ya kazi: mfyekaji wa wodi, zamu ya mchana. Mjumbe mmoja aliuliza kama nyasi hizo zingefaa kwa mbuzi. Ikaandikwa kuwa jambo hilo litafuatiliwa.

Miezi mitatu baadaye Mzee Saa Mbili alitimiza umri wa kustaafu. Siku ya kukabidhi funguo, alimwomba naibu wake jambo moja, kwamba sahani za ubongo azifiche nyuma ya rafu ya chini.

"Mzee," alisema naibu, na sauti yake haikuwa na ubaya, "wewe ulikuwa mkuu, na yule alikuwa dada yako. Mimi nikificha, nitaandikiwa barua. Nina watoto watatu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kanuni haina ndugu."

Mzee Saa Mbili akamkabidhi funguo, kwa sababu ni kweli alimfundisha hivyo, tena kwa kurudia-rudia.

Kila mwezi alimsindikiza dada yake kuchukua vidonge. Mwezi wa saba wa dawa, wakiwa wanapita mlango wa wodi ya pili, dada yake alisimama, akanusa hewa, akasema kuna kitalu humu ndani. Waliingia. Chini ya kitanda cha nne nyasi zilikuwa zimefika kifundoni. Juu ya kitanda alilala mchimba visima, mwanamume wa miaka thelathini, kichwa kimefungwa bandeji, mkono mmoja umelala ubavuni kama si wake.

Mzee Saa Mbili alikwenda maabara. Ilikuwa saa nne.

"Sahani ya kitanda cha nne," alisema.

"Imeshatoka, Mzee. Leo saa mbili kamili." Aliyekuwa naibu wake, sasa mkuu, alimwonyesha rejista. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala. Ndoo nyekundu ilikuwa imekwisha kwenda kuchomwa.

Alikwenda kwa daktari wa wodi. Daktari alikuwa anajua. Alikuwa ameziona nyasi asubuhi. Alikwishamwomba daktari wa upasuaji avute tena usaha, naye alikuwa safarini hadi mwisho wa mwezi.

"Ningekuwa na karatasi, Mzee," alisema daktari. "Iliyopo inasema hakuna."

"Unajua iliyopo ni ya namna gani."

"Najua. Ndiyo niliyo nayo." Na akaandika mgonjwa aruhusiwe Ijumaa, na dawa za maumivu.

Aliporudi wodini, dada yake alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda cha nne, akizungumza na mama wa mchimba visima, ambaye alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Mama yule alikuwa amevua viatu, ametandika shuka juu ya nyasi na kukaa juu yake, miguu ameinyoosha. Alisema hospitali nyingine alizopita humkalisha mtu kwenye benchi hadi kiuno kikafa ganzi. Hapa, alisema, wamewafikiria jamaa za wagonjwa, na aliomba shukrani zake zifikishwe kwa wakubwa.

Mfyekaji wa zamu ya mchana alifika na mundu wake. Alimsubiri mama amalize chai, kisha akamwomba, kwa adabu, ainue miguu.